Tairi la Mbele Ndilo Linaloongoza

Dereva wa bodaboda anayetoka Uyole, Mbeya, kumpeleka abiria kijijini upande wa pili wa milima ya Uporoto hupita barabara tatu ndani ya safari moja. Huanza na lami ya barabara kuu inayopanda kwa kona hadi Isyonje kabla ya kushuka Tukuyu na kuishia mpakani Kasumulu. Akichepuka, anakutana na changarawe yenye mawe yaliyotokeza na mifereji iliyochimbwa na maji. Mwisho kabisa ni njia ya udongo mtupu katikati ya mashamba ya viazi. Ikinyeshewa usiku, kukipambazuka haipitiki kwa miguu, seuze kwa pikipiki. Barabara ni tatu, lakini matairi ni yale yale mawili.

Pikipiki zenyewe zinafahamika. Kuna Boxer na TVS kutoka India, na kuna za Kichina kama SanLG na Fekon, nyingi zikiwa na injini ya cc 100 hadi 150. Serikali ilizitambua rasmi kuwa chombo cha abiria kwa kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010, na tangu hapo zimekuwa miguu ya watu wa vijijini. Kiwandani hufungwa matairi ya matumizi ya kawaida: lami kavu, na changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Kazi ya kuchagua huanza siku matairi hayo yanapoisha.

Hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika. Tairi la nyuma, kwa kuwa ndilo linalobeba gunia na ndilo linalozunguka bure kwenye tope mbele ya macho ya abiria, hununuliwa kwa umakini. La mbele huachwa mpaka liwe kipara, au hufungiwa lolote lililopatikana. Wataalamu wa usalama wa pikipiki wangesema mpangilio huo umegeuzwa juu chini.

Ardhi na mvua

Ili kuona sababu, tuanze na ardhi ambayo tairi hilo hupita. Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, lakini hazigawanyiki sawasawa. Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Iringa mjini haifikishi nusu ya kiasi hicho. Ukingo wa Mufindi, kwenye mashamba ya chai yanayotazama bonde la Kilombero, hukaa na ukungu na manyunyu hata miezi ambayo Mafinga, si mbali sana na hapo, kunatimka vumbi.

Udongo nao unatofautiana. Wa Rungwe ni wa volkano, mweusi, na ukilowa hulainika kwa kina. Wa Kilolo na Mufindi ni mfinyanzi mwekundu: mvua ya nusu saa hulowesha juu tu, ikaacha utelezi mwembamba juu ya ardhi ambayo bado ni ngumu. Chini ya milima, kwenye bonde la Usangu wilayani Mbarali, kuna udongo mweusi wa mbuga unaonata kwenye gurudumu mpaka unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi, na gurudumu linagoma kuzunguka.

Barabara za lami zinaongezeka. TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini, una miradi kadhaa katika mikoa hii. Hata hivyo sehemu kubwa ya mtandao wake bado ni udongo na changarawe, na mwisho wa safari ya bodaboda karibu kila mara huwa huko.

Kinachotokea mbele

Tairi la nyuma husukuma, la mbele huongoza. Tofauti hiyo inaonekana wazi pale linapoteleza. La nyuma likipoteza mshiko, mkia wa pikipiki huyumba upande. Dereva mzoefu hupunguza mafuta taratibu, chombo kikajinyoosha chenyewe. La mbele likiteleza hakuna nafasi ya kurekebisha. Usukani hujikunja, pikipiki hulala, na abiria huwa ameshafika chini kabla dereva hajagusa chochote.

Breki inaongeza uzito wa hoja hii. Pikipiki inapofungwa breki, uzito wa waliopanda na mzigo wao husogea mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Anayeteremka Kitonga kwenye barabara kuu ya Iringa, au anayeshuka kutoka Matamba kwenda Chimala kwa njia iliyopewa jina la Hamsini na Saba kutokana na idadi ya kona zake, anategemea tairi hilo kila anapokaribia kona. Ndiyo maana madereva wengi wenye tairi la mbele lililochoka huogopa breki ya mkono na kukanyaga ya mguu peke yake. Woga wao una msingi. Ila wanachopoteza ni breki yenye nguvu zaidi kwenye chombo chao.

Kuna mtego mwingine. Kwa sababu tairi la nyuma husukuma na kubeba, huisha haraka, na dereva anaweza kulibadilisha mara mbili au zaidi kabla la mbele halijaonyesha dalili ya kuisha. Miaka inapita, kashata za mbele, yaani yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, bado zinaonekana, na mwenyewe anaridhika. Wakati huo mpira umepigwa na jua mpaka umekakamaa. Mpira uliokakamaa haushiki lami iliyolowa hata ukiwa na kashata ndefu kiasi gani. Nyufa ndogondogo kwenye ubavu na kati ya kashata ndizo zinazoufichua umri wake.

Wapo pia wanaolihamisha tairi la nyuma lililoanza kuisha na kulifunga mbele ili kuokoa fedha. Ubaya wake ni wa aina mbili. Kwanza, kwenye pikipiki nyingi la nyuma ni pana zaidi, kwa hiyo likikaa mbele hukaribia madigadi na tope hujaa upesi. Pili, tairi la nyuma huisha katikati na kuwa bapa, ilhali pikipiki hukata kona kwa kulala juu ya tairi la mviringo. Tairi bapa likiwekwa mbele, dereva anapoilaza pikipiki kwenye kona hufika mahali likaanguka ghafla kutoka kwenye ubapa kwenda ubavuni.

Mistari, kashata au la kati

Madukani kuna makundi matatu. La kwanza ni tairi la mistari, lenye mifereji inayozunguka kufuata mwelekeo wa safari. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani na tairi la namna hii mbele. Kwenye lami linakwenda moja kwa moja, linapitisha maji, na linadumu. Kwenye mfinyanzi wa Kilolo mifereji hiyo hujaa udongo ndani ya mita chache, na kuanzia hapo ni sawa na tairi lililonyolewa.

Kundi la pili ni tairi la kashata kubwa zilizoachana, kama zile za pikipiki za mashindano ya porini. Nafasi kati ya kashata huliwezesha kuuma udongo na kuutema linapozunguka. Anayeshinda kwenye njia za chai za Mufindi, au anayebeba ndizi na maziwa kutoka vijiji vya Rungwe, ataliona kuwa mkombozi. Gharama yake inaonekana kwenye lami: kashata ndefu hupinda pikipiki inapolala kwenye kona, mpira unaogusa barabara ni mchache, breki za ghafla kwenye lami iliyolowa zinakuwa za mashaka, na kashata zenyewe huisha upesi. Dereva wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambaye siku nzima hapiti zaidi ya Mafiati na Kabwe hana sababu ya kulinunua, hata kama linapendeza.

La tatu ni tairi la kati, lenye kashata fupi zilizokaribiana katikati na zilizoachana kidogo pembeni. Kwa anayegawana siku yake kati ya lami na udongo, hili ndilo jibu la busara. Na kama mfuko hauruhusu kupata la namna hiyo kwa magurudumu yote mawili, lianzie mbele.

Kuhusu upana, wengi huamini kwamba kwenye tope tairi pana ndilo bora. Kwenye udongo wa nyanda hizi ambao chini yake ni mgumu, mara nyingi ni kinyume: tairi jembamba hukata utelezi wa juu na kufikia ardhi inayoshika, wakati pana huelea juu ya ule utelezi. Kwenye nchi za baridi hesabu ni nyingine. Chombo cha theluji, ambacho kampuni ya Bombardier ya Kanada ilikiingiza sokoni kwa jina la Ski-Doo mwaka 1959, huongozwa na skii mbili za mbele. Anayekwenda kwenye theluji laini na ya kina huchagua skii pana ili zielee, kwa kuwa chini hakuna kigumu cha kukifikia karibu, na chini ya kila skii hufungwa ufito wa chuma kigumu unaokwaruza barafu ili chombo kikubali kukata kona. Huko nako ufito huo ukiisha, usukani hugeuka na chombo kikaendelea kwenda moja kwa moja.

Kusoma ubavu

Kila tairi lina maandishi ubavuni, na muuzaji mwadilifu hatamzuia mteja kuyasoma kwa utulivu. Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 3.00-17 6PR 50P. Namba 3.00 ni upana kwa inchi, na 17 ni kipimo cha rimu, pia kwa inchi. Pikipiki nyingi za bodaboda zina rimu ya 17 au 18, la mbele likiwa 2.75 na la nyuma 3.00. Tairi la 18 halikubali rimu ya 17 hata fundi akitoka jasho, na anayedai anaweza kulilazimisha anafaa kukimbiwa.

Alama ya 6PR inaeleza uimara wa nyuzi zilizo ndani ya mpira; 4PR ni hafifu zaidi. Namba 50 ni kipimo cha mzigo: katika jedwali la kimataifa ina maana ya kilo 190. Tairi la upana huo huo lenye namba 45 huishia kilo 165. Herufi P ni mwendo, hadi kilomita 150 kwa saa, kiasi ambacho bodaboda haikifikii na haipaswi kukijaribu.

Sasa tuhesabu. Gunia la viazi la lumbesa huzidi kilo 100. Liweke nyuma ya dereva, ongeza sehemu ya uzito wake yeye mwenyewe na sehemu ya uzito wa pikipiki, ambayo peke yake ina zaidi ya kilo 100. Karibu mzigo wote huo unalalia tairi la nyuma, na kilo 190 zimeshapita. Kinachosahaulika ni upande wa pili wa mzani: jinsi nyuma kunavyolemewa ndivyo mbele kunavyopungukiwa uzito. Kwenye mlima gurudumu la mbele linaanza kugusa ardhi kwa kudonoadonoa, na usukani unakuwa mwepesi mikononi. Hakuna kashata inayosaidia tairi lisiloikandamiza ardhi. Mzigo ugawanywe safari mbili, au sehemu yake isogezwe mbele kadiri inavyowezekana.

Tafuta pia tarakimu nne, mara nyingi zikiwa ndani ya umbo la yai. Zikisomeka 3521, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa miaka kadhaa likining'inia juani mbele ya duka linaweza kuitwa jipya kwa sababu halijakanyaga barabara, lakini mpira wake umeshaanza kuzeeka. Tairi lisilo na tarehe kabisa, lisilo na kipimo cha mzigo, au ambalo maandishi yake yamekwanguliwa, liachwe hapo lilipo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linashughulikia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, na mnunuzi mwenye shaka ana haki ya kupeleka malalamiko yake huko.

Tanzania iliwahi kuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre cha Arusha, ambacho kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Matairi ya pikipiki yanayouzwa leo Mwanjelwa au Miyomboni, Iringa, hutoka nje, hasa China na India. Bei hutofautiana sana, na tofauti hiyo mara nyingi imejificha kwenye zile namba za ubavuni ambazo mteja hakuzisoma.

Alama mbili za mwisho ni TT na TL. TT ni tairi la kutumia tyubu, na TL ni lile linaloweza kwenda bila tyubu. Rimu ya kawaida ya spoku huvuja kwenye matundu yake, kwa hiyo hudai tyubu. Rimu nzima ya aloi isiyo na spoku inaweza kuwa imeundwa kwa ajili ya TL. Kwa dereva wa vijijini, tyubu ina faida yake: pancha ikitokea Kidabaga au Isongole, fundi mwenye kiraka, gundi na pampu ya mkono anamaliza kazi.

Mikononi mwa fundi

Tairi zuri linaweza kuharibiwa ndani ya dakika kumi na fundi mwenye haraka. Ubavuni kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Likifungwa kinyume, mifereji iliyokusudiwa kutema maji nje huyavuta ndani. Kingo zipakwe maji ya sabuni ili zikae kwenye rimu bila kulazimishwa kwa vyuma vinavyobana tyubu. Mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku ndani ya rimu ukaguliwe, kwa kuwa ukikatika spoku hutoboa tyubu kila wiki na lawama zikaangukia tairi. Tyubu yenyewe iwe mpya: ya zamani imeshatanuka, na ikirudishwa ndani ya tairi jipya hujikunja na kukatika kwenye mkunjo.

Kisha upepo. Vitabu vya pikipiki nyingi za aina hii hutaja psi 25 kwa tairi la mbele, psi 28 nyuma dereva akiwa peke yake, na 32 au zaidi kidogo akiwa na abiria. Wengi hujaza kwa kulibonyeza tairi kwa kidole gumba, na kidole hakijui tofauti ya 25 na 40. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka kwenye mawe na hugusa ardhi kwa eneo dogo. Lililopungua upepo hushika tope vizuri, na ndiyo maana baadhi ya madereva huachia upepo kidogo wanapoingia njia mbovu. Tatizo huja wanaporudi kwenye lami bila kuujaza tena: tairi hujizungusha juu ya rimu, kichwa cha tyubu kikalala upande na mwishowe kikang'oka. Kichwa kilichoinama ni onyo linaloonekana kwa macho.

Upimaji ufanyike asubuhi kabla ya safari. Mwezi Juni na Julai, jalidi inapoanguka Mufindi na kwenye nyanda za Kitulo, baridi yenyewe hupunguza presha. Joto likishuka kwa nyuzi 10, tairi hupoteza psi 1 au zaidi kidogo bila pancha yoyote.

Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake. Kilomita mia za mwanzo ziende taratibu, bila kulaza pikipiki kwenye kona na bila breki za kushtukiza, mpaka uso wake ukwaruzike. La zamani halitupwi. Mafundi viatu hulikata makatambuga, na tyubu huchanwa kuwa mipira ya kufungia mizigo, ile ile inayoshikilia kreti za soda na mikungu ya ndizi juu ya pikipiki nyingine.

Nani alipe

Kikwazo kikubwa kuliko vyote hakiko dukani. Pikipiki nyingi zinaendeshwa na vijana wasiozimiliki. Wapo wanaopeleka hesabu ya kila siku au ya kila wiki kwa mwenye chombo, na wapo walio kwenye mkataba wa kulipa kidogokidogo mpaka pikipiki iwe yao. Pancha na oili, kila mtu anajua ni za nani. Tairi linabaki katikati: mwenye chombo anasema dereva ndiye aliyelimaliza, dereva anasema chombo si chake. Wakivutana hivyo, la nyuma hatimaye hununuliwa kwa sababu bila hilo hesabu haipatikani. La mbele linaendelea kuzunguka, kwa kuwa linaweza kuwa kipara kabisa na pikipiki ikatembea.

Dawa yake ni kuliandika. Mkataba utaje nani ananunua tairi la mbele, nani la nyuma, na la mbele libadilishwe lini: kashata zinapofikia vinundu vya mpira vilivyo ndani ya mifereji kwenye alama ya TWI, au nyufa zinapoonekana, lolote litakalotangulia. Ukaguzi ufanyike mwezi Oktoba, kabla mvua za kwanza hazijagonga Uporoto na Udzungwa, wakati bado kuna muda wa kutafuta tairi sahihi badala ya kuokota la kwanza linaloonekana. Na abiria naye, kabla ya kupanda, ana haki ya kulitazama tairi la mbele na kumwambia dereva, kwa heshima, kwamba atasubiri pikipiki nyingine.